Jina Lako Kanisani kwa kina Halyna

Musyoka, mdogo wangu,

Huna kaburi ninaloweza kwenda kusimama kando yake, basi nakuandikia. Mwili wako haujaletwa. Yule mwenzako mliyeondoka naye Machakos, aliyerudi na mguu mmoja, ndiye aliyenipigia simu akasema ulibaki kwenye shamba la alizeti huko Ukraine, na hakuna aliyethubutu kurudi kukuchukua. Shamba! Wewe ambaye hukuwahi kushika jembe bila kulalamika.

Ulinyimwa viza ya kuja kwangu Louisville, hapa Marekani, mara mbili. Kisha ukanipigia ukicheka: "Dada, nimepata Urusi. Kazi ya stoo, kupanga mizigo." Nikakujibu, "Nenda ukazoee baridi kabla hujaja kwangu." Nilikuwa natania. Neno hilo linanirudia kila ninapovaa koti.

Wiki chache baadaye ulinitumia picha ukiwa na sare ya jeshi. Karatasi mliyotia sahihi ilikuwa ya Kirusi, ukasema, hamkuelewa kitu. Nikampigia yule wakala aliyekutafutia kazi, hakushika simu. Taifa kubwa vile liliingia kwa jirani yake mdogo likidhani ni kazi ya siku chache. Likakwama. Na lilipochoka kuzika vijana wake, likaja kuchukua wetu. Sijui hata kama kuna aliyeliandika jina lako sawasawa.

Mama nilimdanganya. Nilimwambia rafu za stoo zilikuangukia. Ndinda, binamu yetu wa Columbus, aliandaa maombi nyumbani kwake, nikaendesha gari mpaka huko, na mchungaji akasema Mungu alikuwa na mpango. Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji. Mpango gani, Musyoka?

Lakini uongo mbaya zaidi nilimwambia Halyna. Yeye ni wa Ukraine, tulikuwa tunahudumu pamoja katika nyumba moja ya wazee hapa Shively, pembeni mwa Louisville. Mpwa wake aliuawa kwenye vita hivyo hivyo. Siku moja machozi yalinitoka tukimgeuza mzee kitandani. Akaniuliza kuna nini, nikasema, "Ndugu yangu amekufa vitani, kwenu." Akanikumbatia. "Alikuja kutusaidia?" Nikaitikia kwa kichwa. Jumapili hiyo akapeleka jina lako kanisani kwao, likasomwa pamoja na la mpwa wake.

Nilivumilia Jumapili nne. Ya tano nikamngoja kwenye maegesho ya magari, nikamwambia ulikuwa upande gani.

"Alikuwa na bunduki?"

"Walimpa."

"Aliitumia?"

Sikujua. Bado sijui, na wewe huwezi kuniambia. Akaingia garini, akaondoka. Tangu hapo akawa anaomba shifti ambazo mimi sipo.

Mwezi uliopita alihamia mji wa Buffalo kwa dada yake. Siku yake ya mwisho kazini alinikuta nikikunja mashuka. "Jina lake sijaliondoa," akasema. "Hata yeye anahitaji kuombewa. Lakini wewe usinitafute." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Nimekuchukia kidogo, mdogo wangu, kwa kufa mahali ambapo siwezi kukulilia mbele za watu. Waliokupeleka huko nawachukia zaidi. Halafu najikumbuka mimi na utani wangu, najihesabu kati yao.

Desemba nakwenda nyumbani. Nitaketi na Mama jikoni nimweleze yote, hata lile swali la Halyna ambalo sina jibu lake. Akinifukuza, nitalala kwa jirani, kesho yake nirudi nimwambie tena. Na kila kijana wa mtaani kwetu atakayeniambia ameitiwa kazi Urusi, nitamsimulia habari zako mpaka anione kero. Hiyo ni ahadi. Sitasema tena uongo juu yako, wa kukupamba wala wa kukuficha.

Lala, Musyoka, hapo hapo walipokuacha. Nilikupenda kabla hawajakuvika nguo zao, na bado nakupenda.

Dada yako,
Mwende