Mji Wanaosema Wameupita

Mtaa wa Utemini,
S.L.P. 418,
Singida.
9 Septemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Leah,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya kuhusu Singida ni kudhani wameshaijua kwa kuwa basi lao lilisimama hapa wakanunua kuku na dumu la mafuta ya alizeti. Nitalieleza hilo taratibu, lakini kwanza marahaba, mwanangu. Najua ungekuwa mbele yangu ungeshaniamkia, basi nakuitikia kabisa. Hujambo wewe? Mume wako Gerald hajambo? Na binti yenu Peniel, kile kikohozi kimemwachia? Sisi tu wazima. Magoti yangu hunisumbua jioni upepo unapozidi, lakini asubuhi hunisamehe.

Naandika kwa kalamu kwa sababu Peniel alinichekesha siku moja kwenye simu. Aliniambia, "Babu, mama anasikiliza voisi zako kwa spidi mara mbili. Unaongea kama kasuku." Sikukasirika. Niliona tu nikuandikie kitu ambacho hakiwezi kuharakishwa. Philipo, jirani yetu mwenye duka la vipuri vya pikipiki, anakuja Dar es Salaam kununua mzigo, nami nimempa bahasha hii akukabidhi mkononi.

Huku ni kiangazi. Mashine za kukamua alizeti zinanguruma tangu asubuhi, na harufu yake inaingia mpaka kwenye shuka. Ziwa Singidani limerudi nyuma na kuacha ukingo mweupe wa chumvi, kiasi kwamba mchana, ukitazama kutoka huku juu, huwezi kusema maji yanaishia wapi na anga linaanzia wapi. Wiki iliyopita walikuja ndege heroe. Hakuna aliyewatangaza. Tuliamka tukaukuta mstari wa waridi majini, nao ukakaa pale kama kitu ambacho mtu alikiota akasahau kukifuta.

Ulipokuwa mdogo uliniuliza maji ya ziwa hili yanakwenda wapi, nami nilikuwa na haraka ya kwenda darasani. Jibu ni kwamba hayaendi popote. Hakuna mto unaoyatoa kuyapeleka baharini. Mvua huyaleta, jua huyachukua polepole, chumvi hubaki. Maji yakiingia hapa, yamefika.

Mji wenyewe ni hivyo hivyo. Tumepewa manispaa, lakini ng'ombe hawajapata taarifa, bado wanavuka lami wakitembea katikati kama waheshimiwa. Kuna nyumba hapa Utemini ambayo ukuta wake wa nyuma ni mwamba, kwa sababu mwamba ulikuwepo kwanza na mwenye nyumba hakuona sababu ya kugombana nao. Jioni adhana ikimalizika, kwaya ya kanisani inaanza mazoezi, na katikati yake unasikia fundi anachomelea geti. Mgeni husema hapa hakuna kitu. Ni kweli hakuna kitu cha kupigia picha. Ni mji wa kusikiliza.

Sasa nafika kwenye lile kosa. Siku ile ya Pasaka, mlipokuwa safarini kwenda Mwanza, mlisimama kwa mama yako, mkala, mkaondoka. Baadaye uliandika kwenye status ya simu yako kwamba mmepita Singida kumsalimia mama. Jirani yake Janeth, yule anayekaanga maandazi ng'ambo ya njia, alimsomea. Nilimkuta mama yako jioni anachambua mchele.

"Kaka," akaniambia, "siku hizi mimi ni stendi. Watu wanapita."

Tukacheka wote wawili. Yeye aliacha kucheka kabla yangu.

Sikulaumu. Kila mtu husema hivyo. Wa Dodoma wamepita, wa Kahama wamepita, wa Bukoba wamepita wakiwa wamelala. Hata sisi wenyewe tumeanza kusema. Juzi nilimsikia kijana wa hapa hapa akimwambia mwenzake kwamba atapita nyumbani kwao. Nilitamani kumuuliza, akishapita nyumbani, atafika wapi?

Nimeambiwa Jumamosi ya wiki ijayo unakuja na gari kumchukua mama yako moja kwa moja akaishi kwako. Najua chanzo chake ni kule kuanguka kwake mwezi wa Juni. Hofu yako ni ya haki. Mama mwenye presha, peke yake katika nyumba ya vyumba vinne, na wewe uko mbali. Mtoto anayepata usingizi kwa jambo hilo atakuwa na moyo wa namna gani? Lakini uliambiwa tu kwamba alianguka, akapelekwa hospitali, akapona. Hukuambiwa alipatikanaje, nami nataka ulijue hilo kabla hujawasha gari.

Mtaa wetu huamka kwa mifagio. Kabla jua halijatoka kila mwanamke anafagia uwanja wake, na sauti ya mfagio, ukiishi hapa vya kutosha, ni kama sauti ya mtu. Mfagio wa Janeth una haraka, anawahi mafuta yake jikoni. Wa mama yako ni mrefu na mzito, unafika mwisho, unanyamaza kidogo, kisha unarudi. Asubuhi ile haukusikika. Janeth alisimama na unga mikononi akasikiliza. Akasubiri kidogo, kisha akavuka njia bila hata kunawa, akasukuma mlango, akamkuta amelala sakafuni kando ya kitanda, macho wazi, hawezi kuinuka. Bajaji iliitwa. Daktari alisema kama angecheleweshwa mpaka mchana, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Kwenye shuka lake la hospitali kulikuwa na alama za vidole vya unga.

Huko kwako nimefika, napajua. Ni pazuri, pana ukuta mrefu, maji hayakatiki, na uwanja umetandikwa matofali anayoyafagia msichana wa kazi. Wewe na Gerald mnatoka gizani na kurudi gizani. Sisemi ni vibaya, ndiyo kazi. Naeleza tu kwamba kule pana walinzi wengi na hakuna anayejua mfagio wa mama yako.

Na kuna jambo jingine dogo. Hapa mtaani hakuna anayemwita mama yako Martha. Ni Mama Leah. Mama Leah, leta chombo nikuwekee maandazi. Mama Leah, mbuzi wako ameingia kwangu. Jina lako, mwanangu, linatajwa kutwa nzima na watu ambao wengine hujawahi kuwaona. Wewe ulipita, lakini jina lako linaishi hapa.

Tangu apate habari ya safari, ameanza kugawa kuku. Jogoo amempa Janeth.

"Mama Leah, ukimgawa huyu nani atatuamsha?" Janeth akamuuliza.

"Weka alamu kwenye simu. Si unajidai mtu wa mjini?"

Waliokuwa wanasubiri maandazi wakacheka. Nilipobaki naye nikamuuliza kama ameanza kufunga mizigo. Akajibu, "Leah ameshapanga." Alikunja kanga iliyokuwa imekunjwa tayari.

Nilifundisha Kiswahili miaka mingi, na somo nililolipenda ni kuwaonyesha watoto mtenda yuko wapi katika sentensi. Katika sentensi ile ya mama yako mtenda ni wewe. Nimeitafuta nafasi yake yeye, sijaiona.

Usinielewe vibaya. Sikuandikii ili umwache, wala sikuandikii kwa niaba yake, hajui kama nimeandika. Naweza kuwa nimekosea kabisa. Huenda moyoni anatamani kulala akisikia Peniel anakoroma chumba cha pili, na anaona haya kusema mbele yangu nisije nikajiona nimeachwa. Kama ni hivyo, nitamfungia mizigo kwa mikono yangu, na Jumamosi utamkuta mlangoni amevaa. Mimi ningeweza kumuuliza, lakini mimi kaka yake angenijibu kwa adabu. Wewe ndiye atakayekujibu kweli, kwa sababu ni wewe anayeogopa kukukosea.

Nisalimie Gerald, mwambie asali yake ya msitu wa Mgori ipo, nimeiweka mbali na sisimizi. Msalimie Peniel, mwambie kasuku anampenda. Janeth anakusalimu, na mke wangu Happiness pia. Mungu awape afya, awape na wasaa wa kukaa pamoja mkiwa macho. Akupendaye kama alivyokupenda ulipokuwa unambebesha maswali njiani, ni mimi mjomba wako,

Elisha Mughwai

Leo hii, Philipo akishatoka mlangoni kwako, mpigie mama yako umuulize anataka kuishi wapi.