Nyakim Bado Hajaniita Mama

Kakuma, 9 Februari 2013

Baba Nyakim,

Salamu zikufikie huko Juba. Sisi tu wazima. Upepo uling'oa bati la jikoni, na dada yangu Adhel amejifungua mvulana.

Nilimpeleka Nyakim hospitali Lodwar kusikiliza majibu ya damu yake iliyopelekwa Nairobi kupimwa. Daktari alisema mtoto wetu amepungukiwa na jeni moja, ile chembe ya urithi inayousaidia ubongo kujifunza.

"Mtoto akifundishwa neno, njia hufunguka ubongoni," alisema. "Kwa wengine njia hiyo huimarika kila wanaporudia. Kwake inafifia."

Ndiyo maana ana miaka sita na bado hajaniita mama.

Nikamwuliza, "Kasoro hii imetoka kwangu au kwa baba yake?"

"Si kwako wala kwake. Jeni ilipotea mtoto alipokuwa akiumbika. Hakuna aliyekosea."

Ilinipasa kufurahi, lakini nililia kwa hasira. Nilitaka itoke kwako, ili mama yako aliyeniita mwenye laana aone aibu. Sasa hata wa kumlaumu sina.

Nimesikia umeoa huko. Watoto wa huyo mke wako watasema mapema, nawaombea.

Usihangaike kumtumia Nyakim salamu. Juzi nilimwonyesha picha yako, akaitazama kama ya mgeni. Yeye amekusahau kwa ugonjwa. Wewe ulimsahau ukiwa mzima.

Ni mimi niliyebaki naye,
Nyakuoth