Jeli ya Kidonda cha Dada Zuhura

Jumatatu, 7 Julai

Nimechanganya tena jeli ya Dada. Mashine inazunguka, mimi nimekaa nayo kama mlinzi. Duka letu la dawa hapa Richardson, Texas, linachanganya dawa zisizopatikana tayari, na hii daktari wake kaiandika: ya kuua harufu ya kidonda. Saratani imefumua titi la Dada Zuhura. Jeli ya kawaida inakauka, shashi inagandia, ukiibandua inatoka na nyama. Kwa hiyo natia mafuta ndani yake. Mafuta na maji hayapatani, natia na kiunganishi, kitu cha jamii ya sabuni lakini kipole: upande mmoja kinashika maji, upande wa pili mafuta. Kikiachia, kazi bure.

Imetoka nyeupe, nzito. Nimejisifu.

Alhamisi, 10 Julai

Kifurushi kimefika Houston. Salma, binti yake Dada, kapiga simu. "Mama mdogo, ime-melt tena. Nikiipaka tu inakuwa maji, ina-drip mpaka kwenye nguo."

Mara ya pili hii. Nina hasira. Salma ana mtoto mchanga, na Dada hajambeba hata mara moja. Hataki mjukuu amjue bibi yake kwa harufu. Arobaini inakaribia.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekilaumu kiunganishi. Nimekibadilisha, nimeongeza kidogo. Kingi hapana, kinawasha, na pale hamna ngozi. Kopo moja nimeliweka kwenye joto, jingine nimelizungusha kwa nguvu. Hakuna tone la mafuta lililojitenga.

Basi ni jua la njiani? Naipeleka mwenyewe.

Jumapili, 13 Julai

Houston. Boksi la barafu nimelifunga mkanda kiti cha mbele kama abiria. Madirisha yote ya nyumba yako wazi, na nje joto linapika. Dada ndiye kaamuru, harufu itoke. Mtoto yuko chumba cha mwisho. Nimelia bafuni, nimenawa uso, nimetoka.

Halafu nikaona. Dada kakoroga chumvi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kaosha kidonda, hakusuuza, kaniita nipake. Muuguzi anayekuja nyumbani alimwambia maji matupu. Muuguzi akiondoka, chumvi inatoka kabatini. Ndivyo mama alivyotuosha vidonda vyote kule Tanga.

Jeli ikalegea na kutiririka mbele ya macho yangu. Kiunganishi hakina kosa. Ni ule unga unaoipa jeli uzito, ukiguswa na chumvi unaachia maji. Nayajua hayo tangu chuoni. Sikuwahi kumwuliza dada yangu anaoshaje.

Nikamwambia aache chumvi. "Mama kakukuza kwa chumvi hiyohiyo, leo unaijia juu na kemia yako?" Tukacheka. Mara ya kwanza tangu Ramadhani.

Jumatano, 16 Julai

Sitamnyang'anya chumvi. Amebaki na kipi kingine cha kwake? Nimempigia daktari. Chumvi kidogo haidhuru, kasema, na jeli nibadilishe. Nimetia unga mwingine, wa selulosi, usiojali chumvi. Kiunganishi ni kilekile cha kwanza, nimekirudisha kwa heshima zake. Nimelowesha mkono kwa maji ya chumvi, nikapaka. Imekaa.

Nimeituma.

Jumatatu, 21 Julai

Salma kaandika neno moja: "Imeshika." Nimelisoma kwenye foleni ya magari nikapigiwa honi.

Jumapili, 27 Julai

Houston, arobaini ya mtoto. Asubuhi nimemfunga Dada shashi mpya. Ya jana imetoka bila kumwumiza. Hatapona, daktari alishasema, na kwa hilo sina jeli.

Wanawake wamejaa sebuleni, pilau inanukia. Salma kaja na mtoto, kamlaza kifuani kwa Dada, upande usio na kidonda. Dada alikaza mwili, akatutazama usoni mmoja mmoja. Kisha akainama akamnusa mtoto utosini.

Mtoto akalala. Hakuna aliyeinuka kufungua dirisha.