Nafula Asirudishwe

Kwako mdogo wangu Ayuma,

Mulembe, na wote hapo Lugari. Nimetia kadi hii kwenye bahasha, isome peke yako. Nekesa homa imeshuka, leo amekula kuku na obusuma, ugali wetu, mpaka mifupa. Mvua hapa Kakamega inanyeshanga kila siku saa tisa, na ikipiga mabati ya wodi ananisomea kitabu chake cha shule, hadithi za Wagiriki wa zamani.

Leo ni msichana aliyechukuliwa kwenda kwa dada yake aliyeolewa. Njiani shemeji yake akamnajisi msituni, akamkata ulimi asiseme. Basi msichana akafuma nguo yenye picha za mambo yote, akampelekea dada yake.

Nikauliza, "Na miungu yao ilikuwa wapi?"

"Mama, hao miungu nao walikuwa wakishika wasichana."

Ayuma, hapo nikamkumbuka binti yangu Nafula. Alitoroka kutoka kwa dada yake aliyeolewa bila neno, nami nikamchapa, nikadhani amechoka kumlelea mtoto. Ulimi anao, mimi ndiye niliyeufunga.

Nilisema umrudishe huko Jumamosi. Usimrudishe. Shemeji yake akija na baiskeli, simama mlangoni, sema mimi nimekataa. Usimuulize mtoto kitu. Mpe uji, alale karibu na wewe. Nekesa akiruhusiwa nakuja, nimwombe msamaha, nimsikilize.

Mwisho wa hadithi msichana anageuzwa ndege, kama huyu aliyechorwa kwenye kadi. Mimi sitaki ndege. Namtaka Nafula wangu, aongee.

Mungu awafunike hapo nyumbani.
Dada yako, Mama Nekesa