Jina Lako Bado Linaitwa Duarani

Kaka Masanja,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuongea na wewe bila kuanza na shikamoo, na ulikuwa hunisamehe nikisahau.

Naandika nikiwa bwenini, hapa chuoni Shinyanga, wenzangu wako darasani. Mbele yangu kuna bahasha ya kaki yenye cheti chako cha kifo na barua moja. Ni siku ya tatu sijaipeleka ofisini, na ndiyo maana nakuandikia.

Wiki mbili baada ya kukuzika, simu yangu ililia nikiwa nakula. Ujumbe ulisema nimepokea shilingi elfu sitini kutoka kwa Masanja. Jina lako lote, namba yako ileile. Niliweka sahani chini taratibu, nikatoka nje, nikapiga. Ikaita. Kaka, ikaita, na mtu akapokea, na kwa muda mfupi sana niliamini upuuzi.

Alikuwa mzee Shija, msimamizi wa duara lenu, lile shimo la dhahabu la Segese. Akanieleza kwamba kambini kwenu mtu akifia duarani mgao wake haukatwi mpaka mwamba aliouanza uishe. Asubuhi karani akiita majina, analiita na lako, na mmoja wenu anakuitikia, "Yupo." Mifuko ya mawe ikigawanywa, wako unawekwa pembeni, unasagwa, unauzwa. Pesa wananitumia kwa simu yako uliyoiacha kambini siku ile, maana namba yako ya siri uliwapa wote, wewe hukujua kuficha kitu.

"Ni haki yako, mwanangu," aliniambia.

Basi mwaka huu wote nimesomeshwa na wewe, na wewe umekufa. Nimegawa pesa kama ulivyonifundisha, yale makopo matatu ya maziwa ya unga chini ya kitanda: la ada, la tumbo, la raba za kukimbilia. Ulikuja siku moja na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, ukayapanga mwenyewe, ukasema wenzako wakiuza dhahabu jioni, asubuhi wanakopa chai. "La raba usiliguse hata ukilia njaa." Nililigusa mara moja, nikanunua mafuta ya nywele. Sikukuambia. Nakuambia sasa.

Lakini haitoshi tena. Mwamba unaisha na mgao unapungua kila mwezi. Chuo hakina fungu la michezo, mashindano ya vyuo tunajigharamia wenyewe. Nimeandika barua za kuomba ufadhili mpaka mkono umezoea maneno yenyewe. Mnunuzi mmoja wa dhahabu pale Geita alinikaribisha soda, akasoma barua yangu nusu, akaniuliza kama nina mchumba. Nikaichukua barua yangu nikaondoka. Soda nilikuwa nimeshamaliza.

Kisha ukatangazwa ufadhili wa wanamichezo wa vyuo. Ada mpaka nimalize, na posho ya mazoezi, kwa mwanafunzi asiye na mtu wa kumlipia. Nafasi moja tu kwa chuo chetu. Muda wangu wa mita elfu tano unatosha kabisa.

Fomu iliuliza: kwa sasa nani anakulipia? Nikaandika jina lako. Ningeandika nani, kaka? Kila mwezi ni wewe. Nikaweka na namba. Kamati wakapiga, karani akapokea, akawajibu kama anavyojibu kila siku: "Masanja? Yupo. Mgao wake anapata kama wengine." Fomu ikarudi. Mwombaji ana mfadhili.

Nilicheka peke yangu, halafu nikashindwa kuacha, halafu haikuwa kicheko tena. Mwalimu wa michezo aliponisikiliza alikwenda kuniombea kwa kamati. Wamekubali kuniangalia upya nikileta cheti cha kifo na barua ya duara kwamba mgao umefungwa. Mwisho ni leo saa kumi.

Jumamosi nilikwenda Segese kuomba barua. Nilifika majina yanaitwa. Nikasikia, "Masanja," na mtu nyuma yangu akasema, "Yupo." Sikuthubutu kumtazama aliyesema. Mzee Shija aliandika barua bila kunilaumu. Aliniambia tu nikishaikabidhi nimpigie, na kuanzia asubuhi inayofuata jina lako halitaitwa.

Kuna jambo nyumbani halisemwi na mimi nalisema. Uliingia shimoni kwa ajili yangu. Nilikupigia kwamba nimepungukiwa nauli ya mashindano. Mvua ilikuwa imenyesha, wenzako wanasubiri kuta zikauke, na wewe ukaniambia, "Niachie leo, kesho utaipata." Hukusubiri, na ukuta ukakuangukia. Mama haniulizi ulikuwa na haraka ya nini. Naogopa siku atakayoniuliza.

Na bado unanifuata. Nikikimbia asubuhi barabara ya vumbi nasikia baiskeli yako nyuma, ule mnyororo uliokuwa hutaki kuutia grisi, na dumu la maji linagonga. Zamani ulikuwa ukinipigia kelele, "Usigeuke, Kabula. Ukigeuka unapoteza hatua mbili." Sasa nageuka. Kila siku nageuka. Barabara tupu, na saa ya mwalimu inaonyesha kwamba napungua mwendo. Nikiendelea hivi hata huo ufadhili utanikuta sistahili.

Leo asubuhi simu imelia. Elfu kumi na mbili. Nimelisoma jina lako mara nyingi, kisha nimekwenda kutoa pesa na kuitia yote kwenye kopo la raba. La ada na la tumbo wataniwekea wengine, Mungu akijalia. Lile moja litabaki lako.

Sasa ni saa tisa. Naibana bahasha kwapani, nakwenda. Nikitoka pale nitampigia mzee Shija, na kesho karani atatoka jina la juu ya lako aende la chini ya lako, na hakuna atakayeitika.

Nisamehe kwa ile simu ya nauli. Wabeja, kaka, asante kwa yote, na kwa mwaka huu uliofanya kazi ukiwa umelala. Pumzika, hunidai mgao wala mimi sikudai.

Kesho alfajiri nitakuwa barabarani. Nikisikia mnyororo nitajua ni wewe, na nakuahidi sitageuka.

Mdogo wako,
Kabula