Funguo Zangu Ziko kwa Jirani

Annika mjukuu wangu,

Supu iko kwenye friji. Ipashe moto, ule kabla ya mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Mbwa nimeondoka naye.

Asubuhi ulipokuwa unajipima kwa maswali ya mazoezi nilikujibia swali, ukanifokea: "Babu! Jibu linatoka kwenye kifungu cha habari, siyo kwenye uongo wako wa dubu!" ~~Nimeumia sana.~~ Nimeumia kidogo. Dubu yule aliendesha trekta kweli, tena kwa adabu kuliko baba yako.

Lakini mchana utafanya mtihani humu nyumbani kwa kompyuta, msimamizi atakutazama kwenye kamera, na mtu akiingia chumbani wanakufutia mtihani. Mimi najijua: nikikusikia unasoma swali, sinyamazi. Basi funguo nimempa Bi. Lindqvist. Nimemwambia asinirudishie, hata theluji ikinifunika masharubu, mpaka utoke mwenyewe.

Babu