Jino la Mwisho Niachie

Kwako Mami wangu,

Nakuita Mami hata leo, maana ulipewa jina la mama yangu, na mwenye jina la mama haitwi kwa jina kavu. Nyumba hii ya mjini imenyamaza sana. Juzi nilipika tena chai ya watu wawili, kisha nikainywa yote kwa hasira.

Unakumbuka mwaka wa corona, shule zilipofungwa? Ulikuwa hujang'oka hata jino moja. Nilikupeleka kijijini Tetu kwa Cucu, nyanya yako, nikakuambia ni siku chache tu. Kazi yangu ni kuinamia vinywa vya watoto, na wakati ule kinywa ndicho kila mtu alikiogopa. Cucu naye, kifua chake unakijua. Ningewaletea ugonjwa nyinyi wawili, ningejiweka wapi?

Hukuniona kazini siku zile, na afadhali. Nilijifunga plastiki kutoka kichwani hadi viatuni, yakabaki macho tu, nayo nyuma ya ngao yenye ukungu. Zamani, kabla sijamgusa mtoto, nilifungua kinywa changu kwanza ayakague meno yangu, ndipo nami nikague yake. Mchezo huo ni wewe ulinifundisha, ukikataa kupigwa mswaki. Sasa mchezo ukafa. Wazazi walingoja nje, mtoto akaingia peke yake na kukuta jitu. Siku moja msichana mdogo kutoka Gakindu, shavu limevimba kama andazi, alikataa kabisa kulala kwenye kiti. Akaniuliza, "Daktari, uko na meno?"

Nikamwambia niko nayo. "Si unionyeshe," akasema.

Ikabidi nitoke nje, nizunguke hadi dirishani, nivue barakoa na kumchekea kupitia kioo. Aliniangalia sana. Niliporudi ndani alikuwa ameshalala kwenye kiti, kinywa wazi. Jioni nilikumbuka kwamba wiki nzima hakuna mtu mwingine aliyeuona uso wangu, nikalia ndani ya gari.

Jumapili nilikuwa nakuja Tetu na kusimama nje ya ua wa miiba ya kayaba. Naweka unga na sukari kwenye nyasi, narudi nyuma, ndipo Cucu anachukua. Siku moja ulikuja mbio, kidole kinywani, jino la mbele linacheza. "Mama, si wewe ndio daktari ya meno? Kuja uling'oe."

Mikono yangu ilikuwa imeshanyooka. Cucu akasema hapana, na alisema kweli. Alikung'oa mwenyewe kwa vidole vyake vya kukamulia ng'ombe, akakupa jino ulirushe juu ya nyumba uombe jipya. Nililisikia likigonga mabati. Nilishangilia kwa nguvu ili usisikie kitu kingine. Wanasema mganga hajigangi, lakini hawasemi anavyojisikia.

Shule zilipofunguliwa nilikuja kukuchukua, godoro lako nimeshalianika. Ukaniuliza, "Na Cucu atabaki na nani?" Nilitaka kusema, na mimi je? Mtoto haulizwi swali kama hilo. Nikarudi na begi tupu. Sikulaumu, Mami, hata kidogo, na Cucu anakuhitaji kweli. Ila Tetu si mbali, na hapo ndipo panaponiuma. Mvua yenu naiona kutoka dirisha la kliniki.

Miaka hii yote meno yako yameng'okea huko, moja baada ya jingine, na sijalishika hata moja. Nimeng'oa ya watoto wa Nyeri nzima. Jana Cucu alinipigia simu, ati gego lako la mwisho la utoto limeanza kucheza.

Msiliguse. Mwambie Cucu vidole vyake aviweke kwa ng'ombe. Usile mahindi ya kuchoma, usile muwa, tafunia upande ule mwingine, na ulimi wako uutulize. Jumamosi nafunga mapema nakuja, na safari hii napita getini. Utakagua yangu kwanza, kama zamani.

Hilo moja tu, Mami. Nisubiri.

Ni mimi mama yako,
daktari ya meno